Chuo cha Wacheza Chesi Kilichochana Mikeka ya Marekani Nzima

Kama ulikuwa Twita Jumamosi asubuhi ya tarehe 17 Machi 2018, wakati unasubiri chai ichemke, lazima ulikutana na herufi nne: UMBC. Watu walikuwa wanaulizana ni benki, ni chama cha siasa au ni kampuni ya simu. Wengine walishaanza kuweka picha za mbwa wa kahawia bila kujua mbwa mwenyewe anahusikaje. Marekani huko bado ilikuwa usiku wa Ijumaa, na mamilioni ya watu walikuwa wanaitazama mikeka yao imechanika vipande vipande.

UMBC ni Chuo Kikuu cha Maryland, Kaunti ya Baltimore. Mbwa ndiye nembo ya timu zao, wanajiita Retrievers. Na usiku ule timu yao ya mpira wa kikapu ilikuwa imefanya kitu ambacho wanaume wa vyuo vya Marekani hawakuwahi kukifanya.

Kwa ambaye hafuatilii: kila mwezi Machi kuna mashindano makubwa ya kikapu ya vyuo, yenye kanda nne. Kila kanda timu zinapangwa kuanzia namba 1 mpaka namba 16, na namba 1 anaanza kwa kukutana na namba 16. Yaani simba anafunguliwa zizi la mbuzi, halafu watu wanakaa sebuleni kuangalia. Kutoka mwaka 1985, mashindano yalipotanuliwa kufikia timu 64, mbuzi na simba walikuwa wamekutana mara 135. Mbuzi aliliwa mara 135. (Upande wa wanawake, Harvard ikiwa namba 16 ilishamtoa Stanford mwaka 1998, ila watu wakisema "haijawahi kutokea" huwa wanahesabu wanaume peke yao.)

Na simba wa mwaka huo hakuwa wa kubahatisha. Virginia alikuja Charlotte, North Carolina, akiwa ameshinda mechi 31 na kupoteza mbili tu, namba moja wa mashindano yote, mwenye ulinzi uliosifiwa kuliko wote nchini. UMBC yeye mwezi Januari alikuwa amechapwa na Albany 83 kwa 39. Pengo la pointi 44! Hata tiketi ya kwenda Charlotte aliipata dakika ya mwisho kabisa, kwa mtupo wa pointi tatu wa Jairus Lyles dhidi ya Vermont, timu iliyokuwa imewafunga UMBC mara 23 mfululizo.

Mapumziko ilikuwa 21 kwa 21. Hapo bado watu wanacheka, wanasema simba anachelewa kuamka. Kipindi cha pili UMBC wakaingiza pointi 53. Lyles alimaliza na pointi 28 huku misuli ya miguu inamkaza. Mchezesha timu wao alikuwa na futi 5 na inchi 8, uzito kilo 63 hivi, yaani ukikutana naye kwenye daladala hauwezi kufikiri ni mchezaji wa kikapu, lakini alipita katikati ya watu warefu kama yuko sokoni anawahi basi. Matokeo: 74 kwa 54. Hata kwa pointi moja ingekuwa historia. Wao waliachana kwa ishirini.

Hao vijana wenyewe walikuwa wanafunzi wa kawaida tu. Hotelini walikuwa wanapitisha muda na gemu la Fortnite kama dogo yeyote wa hosteli. Mmoja wao alikuwa na GPA ya 4.0, maana yake A kila somo. Akaunti ya Twita ya michezo ya chuo iliendeshwa na jamaa mmoja aliyekuwa amekaa pembeni ya uwanja na kompyuta yake. Mchambuzi mmoja maarufu wa TV alikuwa ameshaipa Virginia ushindi kwa tweet fupi kabla mechi haijaisha, jamaa akamrudia bila huruma. Wafuasi wa akaunti ile wakapanda kutoka elfu chache mpaka zaidi ya laki moja ndani ya muda mfupi. Tovuti ya chuo ikazidiwa ikaanguka, kwa sababu dunia nzima ilikuwa inatafuta kitu kimoja: hawa ni nani?

Jibu ndilo lililowafanya wengi wacheke tena. Hawa ni wacheza chesi.

Sio utani. Kabla ya usiku ule, ukitaja UMBC kwa mtu anayefuatilia mashindano ya vyuo, kitu cha kwanza kumjia kichwani kilikuwa ubao wa miraba 64. Chuo kilianza mwaka 1966, kidogo, pembezoni mwa Baltimore, hakina hata timu ya football ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu ambao kule ndio dini ya vyuo. Mwaka 1991 profesa mmoja wa kompyuta alianza kuilea klabu ya chesi ya wanafunzi. Wazo lilikuwa rahisi na la kijanja: kama vyuo vingine vinawalipia ada watoto wanaodunda mpira, kwa nini hiki kisiwalipie ada watoto wanaopanga hatua kumi mbele? Skolashipu za chesi zikaanza kutoka. Mwaka 1996 UMBC ikachukua kwa mara ya kwanza ubingwa wa Pan-American, mashindano ya vyuo yanayochezwa mwishoni mwa Desemba wakati wenzao wako kwao wanakula sikukuu. Baada ya hapo ikawa kama wamelipia nafasi ya kwanza. Mpaka 2012 walikuwa na mataji kumi ya Pan-American, mengine ya kugawana na wenzao.

Kuanzia 2001, timu nne bora za vyuo vya Marekani kwenye Pan-American zikawa zinakutana tena masika kugombea Kombe la Rais. Watu wa chesi wakaiita Final Four, jina waliloliazima waziwazi kutoka kwenye kikapu. UMBC walilibeba kombe hilo mara sita.

Aliyefanya jambo hilo lisionekane la kichekesho ni rais wa chuo, Freeman Hrabowski, aliyekaa kwenye kiti hicho miaka 30, kuanzia 1992 hadi 2022. Mzee huyu ana stori yake. Alizaliwa Birmingham, Alabama, zama za ubaguzi mkali. Mwaka 1963 akiwa na miaka 12, wazazi wake walimpeleka kanisani; yeye kijana wa hesabu, akakaa nyuma anafanya maswali yake na kula peremende, maana hakuona cha maana mbele. Mara akasikia mhubiri mgeni anasema kwamba watoto wakiandamana kwa amani wataweza kupata elimu bora zaidi. Akainua kichwa. Mhubiri alikuwa Martin Luther King. Dogo akarudi nyumbani akawaambia wazazi anataka kuandamana, wakamkatalia, halafu kesho yake wakamkubalia. Akaongoza kundi la watoto wenzake, akakamatwa, akakaa mahabusu siku tano.

Mtu aliyelala ndani akiwa na miaka 12 kwa sababu ya kutaka shule nzuri hawezi kuona haya kumshangilia mwanafunzi kwa sababu ana akili. Mwaka 1988, akiwa bado hajawa rais wa chuo, alianzisha na tajiri mmoja wa Baltimore na mkewe programu ya Meyerhoff ya kuwasomesha sayansi vijana weusi. Kundi la kwanza lilikuwa na vijana 19. Kutoka programu hiyo alipita Kizzmekia Corbett, yule dada mwanasayansi aliyekuwa kwenye timu iliyofanyia kazi chanjo ya Moderna ya UVIKO. Kwa hiyo mwaka 2018, dunia ilipokuwa inaulizia UMBC kwa sababu ya mpira, Corbett alikuwa ameshahitimu pale miaka kumi nyuma.

Lakini usidhani upande wa chesi ulikuwa malaika watupu. Hapa ndipo stori inanoga, na ndipo ilipo historia ambayo watu wa kikapu wangejifunza mapema kama wangeacha dharau.

Chesi haiko chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Maana yake sheria zile kali za "mwanafunzi mwanamichezo hapokei hata mia" hazikuwahusu. Chuo kikitaka kumtoa grandmasta Ukraine na kumlipia kila kitu, ruksa. Grandmasta akienda kucheza mashindano ya wikiendi akarudi na hela ya zawadi, ruksa. Basi soko likafunguka. Chuo cha Texas pale Dallas kiliingia kwa kishindo kuanzia 1996, na kwa miaka mingi ubingwa ulikuwa kati yao na UMBC tu, watani wa jadi kama Simba na Yanga, tofauti ni kwamba mashabiki walikuwa wachache na walikaa kimya. Wachezaji walitoka Ulaya Mashariki, Israeli, Amerika ya Kusini. Wengine walikuwa watu wazima kabisa, na kelele zikaanza: huyu ni mwanafunzi kweli au ni mwajiriwa mwenye kitambulisho cha maktaba? Ikabidi sheria zibanwe, mchezaji awe anaingia darasani na alama zake zionekane.

Halafu ikaja 2012. Susan Polgar, Mhungaria aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa wanawake, alikuwa kocha wa chesi Texas Tech, na alikuwa ameipa timu yake Kombe la Rais 2011. Mapema 2012 ikatangazwa kwamba anahamia Chuo cha Webster, St. Louis. Wachezaji wake wakali wakasema na sisi tunaenda. Aprili wakacheza Kombe la Rais na fulana za Texas Tech huku mabegi yao yameshafungwa kwenda kwingine, na bado wakashinda! Kombe likabaki Lubbock, timu ikahamia St. Louis. Webster wakalichukua kombe hilo miaka mitano mfululizo, 2013 hadi 2017. Na kiti alichoacha Polgar pale Texas Tech kikachukuliwa na Alexander Onischuk, mzaliwa wa Ukraine, bingwa wa Marekani wa 2006, ambaye aliingia nchini kwa skolashipu ya chesi ya... UMBC. Dunia ni duara.

Mwaka ule watu walicheka: timu nzima inamfuata kocha kama vifaranga? Leo kwenye kikapu cha vyuo hiyo ni habari ya kawaida kabisa, kila masika wachezaji kwa mamia wanahama na kocha akiondoka anaondoka na wanne. Chesi ilitangulia.

UMBC ndio walioanza kuumia. Walikuwa wameonyesha njia, wenye hela zaidi wakaipita. Kutoka 2012 hawajachukua tena Pan-American. Masika ileile ya 2018, wiki chache baada ya maajabu ya Charlotte, Kombe la Rais la chesi lilikwenda kwa Chuo cha Texas Rio Grande Valley, kule karibu na mpaka wa Meksiko. Yaani chuo cha chesi kilipata umaarufu wa kikapu wakati ambapo chesi yenyewe ilishawaponyoka.

Njia hiyo ya skolashipu za chesi ilifika mpaka Afrika Mashariki, tena kwa mtu mnayemjua. Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala. Alimfuata kaka yake kwa siri akitaka kujua anakoendaga kila siku, akakuta watoto wanafundishwa chesi na kupewa kikombe cha uji. Alibaki kwa sababu ya uji. Mwaka 2012 akawa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha kimataifa cha chesi, 2016 Lupita Nyong'o akaigiza kama mama yake kwenye filamu ya Queen of Katwe, na 2017 akaenda kusoma na kuchezea Chuo cha Northwest, Kirkland, jimbo la Washington, pamoja na kijana mwenzake wa klabu ileile ya Katwe. Northwest sio Webster, hawashindani na magrandmasta kumi. Ni chuo kidogo tu kilichoona kwamba mtu anaweza kulipiwa ada kwa sababu ya farasi na ngome za mbao. Bila wale wa Baltimore na Dallas miaka ya tisini, wazo hilo lingesikika kama ndoto ya mlevi.

Sasa rudi kwa Lyles na pointi zake 28. Usiku ule alikuwa mwanafunzi maarufu kuliko wote Marekani. Fulana za UMBC zilinunuliwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Maryland. TV zilikuwa zimeuza matangazo, chuo kilipata jina ambalo pesa haiwezi kununua. Yeye? Kwa sheria za NCAA za wakati ule, hakuruhusiwa kupokea hata senti ya fulana, wala kusaini picha kwa malipo, wala tangazo la duka la simu. Mwanafunzi wa chesi, aliyesoma chuo hichohicho na kula kantini hiyohiyo, angeweza kushinda mashindano ya wikiendi na kurudi na bahasha yake mfukoni, hakuna wa kumuuliza. Watu walizoea kuwacheka wacheza chesi kwamba huo sio mchezo. Ukiangalia kwa upande wa mfuko, bora usihesabiwe mchezo.

Ruhusa ya wanamichezo kuingiza hela kwa jina lao ilikuja Julai 2021, miaka mitatu baadaye. Kuanzia 2025 vyuo vinaruhusiwa hata kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Vijana wa 2018 walikuwa wameshatawanyika. Siku mbili baada ya kumtoa Virginia, walikuwa wametolewa na Kansas State, 50 kwa 43, na shamrashamra zikaisha hapo.

Na hesabu hii mpya haiwabembelezi wadogo. Machi 2023 namba 16 mwingine, Fairleigh Dickinson, timu ya vijana wafupi kabisa, ilimtoa Purdue 63 kwa 58, na Purdue alikuwa na jitu la futi 7 na inchi 4. Shangwe tena, mikeka ikachanika tena. Siku chache tu baadaye kocha wa Fairleigh Dickinson alikuwa ameshachukuliwa na chuo kingine. Kukaa ni kwa muda; ukiwika tu, mwenye shamba kubwa anakuja kukubeba.

Ndiyo maana kocha wa UMBC anastahili kusemwa peke yake. Ryan Odom hakukimbia wiki ile. Alikaa mpaka 2021, ndipo akaenda Utah State, halafu VCU. Ila kuna jambo moja ambalo watu wengi walilisoma baadaye wakashika mdomo. Miaka ya 1980 baba yake alikuwa kocha msaidizi Virginia, na Ryan akiwa mtoto alikuwa muokota mipira wa timu hiyohiyo. Alikulia pembeni mwa uwanja wao, anawafutia jasho la sakafuni, anawarushia mipira wakati wa mazoezi. Yaani aliyemuua simba alilelewa kwa simba.

Virginia wenyewe hawakuzikwa na aibu ile. Walirudi msimu uliofuata na kundi karibu lilelile, wakavumilia kuzomewa kila walikokwenda, na Aprili 8, 2019, Minneapolis, wakawa mabingwa wa taifa kwa 85 kwa 77 katika muda wa nyongeza. Waliyemfunga fainali? Texas Tech. Ndiyo, wale wale wa Polgar waliobaki na kombe bila timu.

Machi 2025 Virginia walikuwa wanatafuta kocha mpya. Walikuwa na hela, jina, na nchi nzima ya kuchagua. Wakampigia simu yule muokota mipira wao wa zamani, ambaye picha yake akishangilia Charlotte mashabiki wao walikuwa hawataki hata kuiona kwenye simu zao, wakampa timu.